Mikono ya Mpiga Inanga

Watu wa Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi, walikuwa na msemo wao wa kumcheka mtu mmoja. Mtu akinuna na kuwapa wenzake mgongo, walisema: "Mwacheni, anapiga inanga ya Muhamadi." Nao walikuwa na haki ya kusema hivyo. Muhamadi, mpiga kasia wa mtumbwi wa mizigo uliokwenda na kurudi kati ya Gisenyi na kisiwa cha Ijwi, alikuwa mpiga inanga hodari kuliko wote mjini, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake akiwa anapiga. Aliingia chumba cha ndani, akashusha pazia, akakaa mkekani magoti yakigusa ukuta na mgongo ukielekea mlangoni. Hapo ndipo muziki ulipotoka.

Kwa asiyeijua, inanga ni ubao mrefu uliochongwa katikati kama sinia lenye kina, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe hupitishwa kwenye meno ya huku na huku mpaka uwe nyuzi nyingi. Kwa kuwa uzi ni mmoja, ukilegea mahali pamoja umelegea pote. Muhamadi mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Jicho la mtu mmoja likimwangukia, mwili mzima ulilegea. Mate yalikauka, magoti yalicheza, na vidole, vile vidole vilivyokuwa vikikimbia kwenye nyuzi dakika iliyopita, vilikufa ganzi kama vya maiti.

Akiwa amejificha, hata hivyo, aliwaliza watu. Wanawake waliotoka ziwani na madebe ya maji walitua mizigo nje ya ua wake, wakajifanya wanapumzika. Mzungu mmoja aliyekaa juu huko Nengo alituma boi wake amwite aje apige barazani, wageni wamsikilize. Muhamadi aliondoka kwenda Ijwi asubuhi ile ile, na wenzake wakashangaa, kwa sababu mzigo haukuwapo. Alirudi Mzungu amekwisha kusahau.

Ugonjwa huo haukuanza kwa bahati mbaya. Ulianza siku ya posa yake.

Wakati ule alikuwa bado anaitwa Nsengiyumva, kijana wa wavuvi, na alikuwa amempenda Saidati, binti wa mfanyabiashara wa nguo ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka Ujiji. Hakuwa na njia ya kuongea naye. Basi kila jioni, giza likiingia, alikaa nje ya ua wa matete wa nyumba ile, akapiga inanga, na Saidati akasikiliza kutoka ndani. Mwezi kwa mwezi walipendana kupitia matete, bila mmoja kuuona mkono wa mwenzake. Kijana akasilimu, akawa Muhamadi, akaja na wazee wake kuposa. Mzee wa nguo akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema: "Kumbe ni huyu anayetunyima usingizi? Basi apige hapa, mbele yetu, tumuone."

Wakamwekea inanga yake katikati ya mkeka. Ukoo mzima ulikuwapo, na sharubu zao, na kofia zao. Muhamadi akainua mikono, na mikono ikakataa. Uzi mmoja ulitoa sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa, kisha kimya, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Alipoinua macho kutafuta mlango, akakutana na macho ya Saidati pembeni mwa pazia. Saidati hakuwa anacheka. Alikuwa anamwonea huruma.

Mke walimpa, tena kwa utani, mzee akisema kwamba mwanamume mwenye haya kiasi kile hataweza kumpiga mtoto wake. Kicheko cha siku ile Muhamadi alikisahau mapema, kwa maana wanaume hucheka na kuchekwa. Ile huruma hakuisahau. Walizaa, wakamlea binti yao Mukantwari, wakamwoza Bukavu, wakazeeka kidogo, na katika miaka yote hiyo Muhamadi hakuwahi kupiga wimbo hata mmoja huku mkewe akimtazama. Macho ya watu wengine yalimtia hofu. Macho ya Saidati yalimvunja kabisa.

Saidati alitarizi kofia. Kofia zake zilikuwa na vitundu vidogo vilivyopangwa kama mbegu, na mwalimu wa madrasa alisema kofia ya Saidati inamfanya hata mwizi aonekane mcha Mungu. Ndiyo maana siku mwalimu huyo aliporudisha kofia moja akisema ua limepotea njia, Saidati alicheka tu, akaifumua. Ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Ya tatu alijichoma sindano mpaka kofia ikaingia damu, ndipo akamwambia mumewe.

"Naona tu pale sindano inaingia," alisema. "Pembeni iko giza. Kila siku ile giza inasogea karibu."

Wakaenda hospitali. Daktari Mzungu alimmulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akasema Kifaransa kirefu chenye huzuni. Muuguzi akakifupisha, kama ilivyo desturi yao.

"Munganga anasema hii macho inakufa. Pole pole, inatoka pembeni inakuja katikati. Dawa hakuna. Anasema uangalie vitu ile unapenda kuangalia, maadamu nafasi iko."

Muhamadi aliuliza kama kuna dawa Bukavu, au Léopoldville, au Ulaya. Muuguzi alimwangalia, akatikisa kichwa bila hata kumsumbua daktari kwa swali lile. Wakapita Kanzenze kwa mganga wa miti shamba, naye akatoa maji machungu ya kuoshea macho, na macho yakaoshwa, yakawa masafi, na yakaendelea kufa.

Siku chache baadaye, baada ya chakula, Saidati alinawa mikono, akakaa vizuri mkekani kama mtu aliyekuja kwa jambo.

"Baba Mukantwari. Munganga alisema niangalie vitu napenda."

"Nilisikia."

"Mtoto wetu niliangalia alipokuja kutoka Bukavu, nikamuangalia mpaka yeye mwenyewe akaona haya. Ziwa naijua, hata nikifunga macho iko pale. Kitu moja tu sijaona." Akaishika mikono ya mumewe. "Sijaona mikono yako ikipiga inanga."

Muhamadi alijaribu kucheka. "Mikono yangu unaona kila siku ikikula ugali."

"Ile ni mikono ya kasia. Mi nataka ile ingine."

Mikono yake ilikuwa imejaa sugu, mipana, na kucha mbili zilikuwa zimepondwa na mizigo, na mwanamke huyu alikuwa ameishi naye miaka yote akijiuliza ni namna gani sauti ile inatoka kwenye mikono hii. Swali dogo namna hiyo. Angeomba kanga, angemletea. Angeomba kwenda Hija, angeuza mtumbwi asiokuwa nao. Aliomba kile kimoja ambacho Muhamadi hakuwa nacho.

Alijaribu siku ile ile, tusimsingizie. Alileta inanga, akakaa uso kwa uso na mkewe, mlango umefungwa, wawili tu. Akainua mikono. Saidati akainamisha kichwa kidogo ili mikono iingie kwenye kile kitundu cha mwanga alichobakiwa nacho, na Muhamadi alipoyaona macho yale yakimtafuta, yakimpata na kutulia juu ya vidole vyake, moyo ukaanza kupiga ngoma masikioni. Vidole vikakakamaa. Akapiga uzi mmoja, akapiga wa pili, ukafuata wa tatu ambao haukuwa wake, kisha mikono ikaanguka juu ya ubao.

"Nifunike uso?" Saidati aliuliza taratibu. Akajifunika kanga. Hapo hapo vidole vikafufuka, na wimbo ukaja wote, mtamu, mpaka Saidati, naye ni binadamu, akasogeza kanga kidogo achungulie. Vikafa tena.

Muhamadi alijua sasa hivi akiinua uso atakuta nini, kwa hiyo hakuuinua. "Basi," Saidati akasema, "tuache. Si kitu." Akaondoka kwenda kuosha vyombo.

Hakuomba tena. Hapa ndipo jambo lilipoharibika, na wa kulaumiwa simwoni. Saidati alikuwa amelelewa kwamba mke huomba mara moja. Akirudia, si ombi tena, ni mashitaka, na mke anayemshitaki mumewe kwa kile asichokiweza amemvua nguo. Muhamadi naye alikuwa mtoto wa wavuvi, na wavuvi wa kwao hawamtaji samaki aliye bado majini. Ukimtaja, wavu unarudi mtupu. Kwa hiyo alipoamua moyoni kwamba atajifunza kupiga mbele ya watu, hata ikimuua, hakumwambia mkewe. Atamwambia kwa mikono, siku ikifika. Wakawa watu wawili wenye adabu nzuri ndani ya nyumba moja, kila mmoja na siri yake, na adabu hiyo ikawafanyia kile ambacho adui asingeweza.

Aliyepewa siri alikuwa Bizimana, mshika usukani wa mtumbwi wao, mtu mfupi mwenye maneno marefu.

"We unaogopa macho kama mutu anaogopa maji," Bizimana alimwambia. "Bon. Mutu ya kuogopa maji hatumutupe katikati ya ziwa. Anaanza na miguu. Anza na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi iko na macho."

Basi alianza na mbuzi. Walikuwa wamepakia mbuzi wa kupeleka Ijwi, na Muhamadi akageuka akawapigia inanga, na mbuzi wakamtazama kwa yale macho yao yasiyo na adabu, wakitafuna. Akaweza. Wapiga kasia walicheka karibu wapindue mtumbwi. Safari iliyofuata alipiga mbele ya Bizimana peke yake, naye Bizimana aliambiwa afumbe jicho moja. Akashindwa. Akajaribu tena, akafika nusu ya wimbo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Muhamadi aliinama kweli kweli. Alitapika mara mbili ziwani kabla ya kupiga mbele ya wapiga kasia wenzake. Kwenye soko la Ijwi alishikwa na kigugumizi cha vidole mbele ya wauza mihogo, na mama mmoja akamtupia kipande cha muhogo akidhani ni mgonjwa anayeomba. Muhamadi aliula ule muhogo akilia, kisha akapiga tena. Miezi ikaenda. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikarudi.

Nyumbani mambo yalionekana shwari. Aliporudi kutoka safari, Saidati alimwita jina kabla hajabisha hodi, naye Muhamadi akafurahi kwamba mkewe anamngojea mlangoni. Chakula kilikuwa tayari, bakuli mahali pake, mtungi mahali pake. Akisogeza kigoda, siku ya pili alikikuta kimerudishwa. Alimwona akimimina chai huku ncha ya kidole ikiwa ndani ya ukingo wa kikombe, akadhani anapima moto. Kofia aliacha kutarizi, akasema siku hizi uzi mzuri hauletwi madukani. Jirani yao Nyiramana, mjane wa upande wa pili wa ua, alikuwa anaingia asubuhi na kutoka jioni, akisema amekuja kuomba moto, kana kwamba kwake moto ulikuwa umekatazwa. Muhamadi alishukuru kwamba mkewe amepata mwenzake wa kuzungumza naye.

"Macho iko namna gani?" aliuliza kila aliporudi.

"Iko vile vile," Saidati alijibu.

Na Muhamadi aliamini. Kuamini kulikuwa kwepesi, na wanaume wana kipaji cha kubeba kilicho chepesi. Kama angemwambia tu, "Najifunza, ningojee," pengine naye Saidati angesema, "Fanya haraka." Hawakuambiana.

Kisha ikaja harusi ya mtoto wa Kalisa fundi cherehani, hapo hapo Mbugangari. Saidati alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani na Nyiramana. Kwenye uwanja wa harusi, sahani za pilau zikiwa zimeinuliwa na watu wamekaa wamelegea kwa shibe, Bizimana alisimama akatangaza kwamba Muhamadi atapiga inanga, tena akiwaangalia watu. Watu wakapiga kelele za furaha wakijua watacheka. Wengine walimgeuzia mgongo kwa kumuiga.

Muhamadi akakaa. Hofu ilikuja, haikukosa, ikamshika tumboni pale pale inapomshika siku zote. Lakini safari hii aliijua njia yake. Aliingoja ipande, akaiacha ifike kooni, na ilipofika huko akapiga uzi wa kwanza hata hivyo. Ukafuata wa pili. Wale waliogeuza mgongo wakageuka. Alipiga mpaka fundi Kalisa akasahau kwamba ni mwenye shughuli, akakaa chini mavumbini na suti yake mpya. Macho ya mji mzima yalikuwa juu ya vidole vya Muhamadi na vidole vikaendelea kutembea. Alipomaliza, watu wakaanza kumrushia vitambaa na kumpigia makofi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua, akacheka ovyo kama mtoto.

Bizimana akamshika bega. "Nenda kwako. Leo. Sasa hivi."

"Nitaenda. Lakini hii uzi imechoka. Kwa Saidati siwezi kupiga na uzi ya zamani."

"We, Muhamadi."

"Naweka uzi mupya, halafu napiga. Siku kidogo tu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mshipa mpya ulitoka kwa mchinjaji, ukahitaji kukaushwa, na kulikuwa na mvua. Ulipokauka ulihitaji kusokotwa na kupakwa mafuta, na kukawa na safari ya Ijwi iliyokatishwa na upepo. Ukweli ni kwamba uzi wa zamani ulikuwa mzima. Macho ya mji alikuwa ameyashinda, lakini usiku, amelala kando ya mkewe, alipoyafikiria yale macho mawili yakiwa yametua juu ya mikono yake, jasho lilimtoka upya. Alihitaji siku nyingine moja. Kisha nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana, jua limetoka baada ya mvua na matete ya ua yanafuka mvuke. Muhamadi alitandika mkeka uani. Akaweka kigoda mbele ya mkeka, karibu kabisa. Akakaa mgongo wake ukielekea ukuta, inanga mapajani, akaita.

"Mama Mukantwari. Kuja hapa inje. Kuna kitu nataka uangalie."

Ndani kukawa kimya kirefu. Halafu sauti ya Saidati: "Unataka nini?"

"Kuja uangalie mikono."

"Ngoja nivae kitenge ya muzuri," Saidati akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akamwita Nyiramana juu ya ua. Nyiramana akapita mbio, mikono bado ina unga, akaingia ndani, akakaa huko. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono kama wanawake wanavyoshikana wakienda shughulini, Saidati amevaa kitenge cha Idi na wanja machoni. Nyiramana akamfikisha kwenye kigoda, akamkalisha, akasimama nyuma yake na mikono mabegani mwake.

"Niko tayari," Saidati akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, vile vile alivyofanya siku ile ya kwanza. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, meusi, yametulia juu ya inanga.

Muhamadi akaingoja hofu.

Haikuja. Akaingoja tena, kama mtu anayengojea mlango ugongwe, na tumbo lake lilikuwa limetulia, na mate yalikuwa mdomoni, na magoti hayakucheza. Akapiga. Wimbo ulikuwa ule aliompigia Saidati nje ya matete ya baba yake, na vidole vilikwenda bila kusukumwa, kulia na kushoto, vinapanda na kushuka, na Muhamadi akajawa na shukrani hata akataka kulia. Nimepona, alijiambia. Hata macho haya nimeyashinda. Akainua uso, kwa mara ya kwanza maishani, akamtazama mkewe machoni huku anapiga.

Yalikuwa macho yale yale, na hayakuwa na uzito wowote. Maisha yake yote macho haya yalimwangukia kama mzigo, aliyasikia mgongoni hata akiwa upande wa pili wa pazia. Sasa alikaa mbele ya macho hayo kama mtu aliyekaa peke yake chumbani. Vidole vyake vilikuwa vimejua kabla yeye hajajua. Havikuwa na wa kumwogopa.

Alikataa kuamini. Akaacha mkono wa kushoto uendelee kwenye nyuzi nene, na mkono wa kulia akauinua, pole pole, juu ya ubao, juu ya kifua, mpaka ukawa angani kando ya sikio lake, vidole vimefunguka. Macho ya Saidati yalibaki pale pale. Alikuwa anatabasamu chini, kwenye ubao, penye mkono usiokuwapo. Muhamadi akamtazama Nyiramana. Nyiramana alikuwa amegeuza uso kwenye ua, mashavu yake yamelowa, na alitikisa kichwa mara moja tu.

Mkono wa kulia ukarudi chini. Hakujua ungekwenda wapi kwingine. Alitaka kuuliza ni tangu lini: kabla ya harusi ya Kalisa, au baada, au ni juzi tu uzi ulipokuwa juani. Kwa nini hukuniambia, alitaka kusema, na jibu alilijua, kwa sababu naye hakusema. Aliona aibu, na aibu hii haikuwa ile ya zamani, hii haikufa kwa kugeukia ukuta. Akiacha kupiga, Saidati atajua kwamba amejua. Akisema neno, atamnyang'anya zawadi ambayo maskini yule mwanamke alikuwa amekaa kigodani kumpa, na wanja wake, na kitenge chake cha Idi. Akapiga wimbo mpaka mwisho kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kufanya.

"Nimeona," Saidati akasema.

Muhamadi akaiweka mikono juu ya ubao. "Umeona nini?"

"Nimeona mikono. Iko muzuri." Akatafuta neno. "Iko inakimbia. Iko inakimbia mbio sana."

"Eee," akasema Muhamadi. "Inakimbia."

"We ulisema iko mikono ya kula ugali."

"Nilisema uongo."

Saidati akacheka kidogo, na mikono ya Nyiramana ikamkaza mabegani. Nje ya ua watu walikuwa wameanza kusimama, madebe yanatuliwa chini, mtu anamwambia mwenziwe anyamaze. Walikuwa wanachungulia kati ya matete, na Muhamadi aliwaona wanavyochungulia, na hakuna hata mmoja wao aliyemshtua.

"Umechoka?" Saidati akauliza.

"Hapana. Kama we uko bado unaangalia, mi naendelea."

"Niko naangalia," akasema.

Basi Muhamadi akainamisha kichwa, akapiga tena, kwa maana mke wake alikuwa anaangalia.